Benchi la wa Mwisho

Ukimwuliza mtu wa Kasongo habari ya ukuta wa dada yangu, atacheka kwanza. Atakueleza jinsi Direkta Gaston, mkuu wa shule, alivyokwama mbele ya soko zima, na suruali yake iliyopigwa pasi. Kweli, lilichekesha. Lakini mimi nikisimuliwa jambo lile kwa kicheko napandwa na hasira, kwa sababu anayeanzia hapo anaruka miaka thelathini. Mimi naanzia Wamaza. Jina langu ni Olga, ni mkunga, mzalishaji tunavyosema, katika kituo cha afya hapa Kasongo, na Régina ni dada yangu mkubwa. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya. Nasema mapema: ulimi wangu ni mkali, na leo sitautia asali.

Tulizaliwa Wamaza, upande wa Kabambare, kwa baba mkulima wa muhogo na mpunga. Nyumbani tulisema Kibangubangu, shuleni Kiswahili na Kifaransa cha fimbo. Yaya alinizidi miaka miwili, lakini tulikuwa kalasi moja, ya tatu, kwa sababu yeye alikuwa amerudishwa mara mbili. Kila kilichosemwa alikishika. Mwalimu akisimulia habari, yaya aliirudia nyumbani neno kwa neno, mpaka kikohozi cha mwalimu. Lakini mwambie asome mstari mmoja ubaoni, basi, jasho. Anashika neno la kwanza, la pili linamponyoka, anabahatisha la tatu, fimbo inashuka. Mwalimu alisema ni mkaidi. Mtu anayejua kuhadithia hivi, atashindwaje kusoma kama si ukaidi?

Halafu proklamasio. Asiyejua desturi yetu nimweleze. Tarehe mbili ya mwezi wa saba wazazi wote hukusanyika uwanjani, na direkta husoma majina kwa sauti, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Waliofaulu humwagiwa poda kichwani, mama zao wanapiga vigelegele, na watoto wanarudi nyumbani weupe mpaka kwenye kope. Lakini watu hawaondoki baada ya poda. Wanangojea jina la mwisho, hilo ndilo tamu yao. Likisomwa, uwanja mzima unalia, "Wa mwisho! Wa mwisho!" na mtoto huyo lazima atembee mpaka mbele akapokee karatasi yake.

Mwaka ule mimi nilikuwa wa pili. Jina la mwisho lilikuwa la Régina. Alitembea na gauni jipya ambalo mama alimshonea kwa ajili ya siku ile, akinyoosha mgongo, na watu wakapiga kelele, nami nikapiga pamoja nao. Nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa, ndiyo, na mtu asije kuniambia "ulikuwa mutoto tu," nitamfukuza barazani kwangu. Nilijua nilichokuwa nafanya. Baba aliikunja ile karatasi, akasema mbele ya watu, "Huyu, jembe itamufundisha." Kesho yake yaya alikwenda shambani, na masomo yakaishia hapo.

Jembe halikumfundisha kitu. Aliyemfundisha ni shangazi yetu Marie-Thérèse, fundi wa kukandika nyumba na kufinyanga vyungu. Yaya alimfuata miaka mitano, akampita. Leo ukimwonyesha nyumba ya miti mitupu, anaizunguka mara moja, anakwambia beseni ngapi za udongo zitatosha, na hutakuta beseni moja limebaki. Anachanganya pemba, ule udongo mweupe, pamoja na udongo mwekundu na masizi, anachora kwa vidole vyake samaki, majani, nyuso za watu, mpaka wapita njia wanatua mizigo watazame. Aliolewa na Emile, wakahamia Kasongo, na Emile akafa kwa homa mtoto wao Naomie akiwa na miaka minne. Tangu siku hiyo yaya amelisha nyumba yake kwa mikono hiyo hiyo miwili.

Na bado alijiita mjinga! Hilo ndilo lililonichoma. Akina mama wa kanisa walimchagua awe kiongozi wao, akakataa, akasema magoti yanamwuma. Uongo mtupu. Magoti yake yanapanda ngazi ya mianzi kutwa. Kiongozi ndiye husoma matangazo ya Jumapili, basi.

Naomie akakua, akaja na jambo lile lile. Mtoto anapiga hesabu kichwani, muuza duka bado anatafuta biki ya kuandikia. Ukimtuma vitu kumi sokoni bila karatasi, analeta kumi. Lakini mpe kitabu, uso unageuka, unaona mtoto anazama. Mimi, mtu wa afya, nilishauri apimwe macho. Macho yalikuwa mazima. Basi nami nikasema, kama wajinga wote wanavyosema, kwamba mtoto hajitahidi. Nilimwambia hivyo usoni mwake, na yaya akanyamaza. Sasa najua kwa nini alinyamaza.

Naomie alipofika kalasi ya sita alipata mwalimu mpya, Madamu Estelle, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amehudhuria mafunzo ya walimu kule Kindu. Mwezi wa tatu alikuja nyumbani kwa yaya. Mimi nilikuwepo. Yaya alikuwa anakanda udongo kwa miguu ndani ya beseni kubwa, akaogopa, maana mwalimu hatembelei nyumba ya mtu kwa heri.

"Mama Naomie, mutoto wako iko na akili sana," Madamu akaanza. "Kwa kusoma, kichwa chake kinapita njia ingine. Sisi tukiona herufi, sauti yake inakuja yenyewe. Yeye lazima aitafute kila mara, kama mutu anayetafuta ufunguo kwa mufuko umejaa vitu. Anaupata, lakini anachelewa, na anachoka. Inaitwa dyslexie. Haiko ugonjwa, haiko uvivu. Mara nyingi inatoka kwa wazazi."

Yaya akaacha kukanyaga. "Ina jina?"

"Iko na jina, mama. Na mutoto akifundishwa polepole, kwa njia yake, anasoma."

Nilidhani atalia. Aka! Aliupiga udongo teke, ukarukia sketi ya Madamu. "Miaka thelathini!" akapiga kelele. "Miaka thelathini wananiita kichwa cha jiwe, na kitu chenyewe kilikuwa na jina! Nani alilificha jina hilo?"

Madamu Estelle akapangusa sketi yake taratibu, akasema hakuna aliyelificha, ila walimu wengi wa huku hawakulisikia, hata yeye mpaka mwaka jana. Yaya hakutulizwa na hilo. Alizunguka ua mzima akisema peke yake, akihesabu kwa vidole fimbo za Wamaza. Mimi nilikuwa na hesabu yangu, ya kicheko cha uwanjani.

Tangu siku hiyo Madamu alimfundisha Naomie kila baada ya kalasi, herufi za udongo mkononi, akizigusa kwa kidole huku akitamka. Mtoto akaanza kusoma. Polepole, polepole sana, lakini alichokisoma alikisoma kweli, habahatishi tena.

Hapo ndipo Direkta Gaston alipoingia.

Direkta wa shule yao ni mtu wa shati jeupe. Mwaka uliotangulia watoto wake wote walifaulu mtihani wa serikali wa kalasi ya sita, mia kwa mia, na aliandika hiyo mia kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa ofisi. Asiyefanya mtihani ule hana cheti, na asiye na cheti haingii sekondari, anabaki nyumbani. Katikati ya mwezi wa nne alimwita yaya, nami nikamsindikiza.

"Mama Naomie, mutoto wako sitamuweka kwa liste ya mutihani," akasema bila kutukaribisha kiti. "Ataniharibia asilimia."

Yaya akamweleza yale Madamu aliyoyasema. Direkta akacheka puani. "Ile ni ugonjwa ya wazungu. Hapa kwetu tuko na wavivu tu. Wewe uko fundi muzuri, sivyo? Mupe beseni, akusaidie."

Nilifungua mdomo nimjibu, yaya akanikanyaga mguu. Aliuliza jambo moja tu: orodha inaondoka lini? Direkta akasema ni Jumamosi, baada ya majuma mawili, kwa pikipiki ya asubuhi. Kabla hatujatoka alikuwa amekwisha inamia karatasi zake.

Tulikwenda kwa Papa Salomon, katekista, mkubwa wa kamati ya wazazi. Naye akasema direkta anajua kazi yake, kila mtoto na kipaji chake, tusali. Kusali! Nilitoka pale bila kuaga. Njiani nikamwambia yaya tuandike barua kwa wakubwa, mimi nitaiandika. Akasema, "Barua atasoma nani? Wanaojua kusoma. Hao ndio hawaelewi." Akaenda kuchukua beseni lake.

Parseli ya yaya, kiwanja chake, iko kando ya njia, shule upande mmoja, soko upande wa pili. Asiyepita pale hana safari. Kwa siku nne alijenga ukuta mmoja uliosimama peke yake, mrefu kuliko mtu, na katikati akaacha dirisha pana. Ndani ya dirisha akatundika vigae vya udongo kwa kamba za majani, kila kimoja na ukubwa wa sahani, kila kimoja na herufi moja: upande huu imesimama sawa, upande wa nyuma imegeuzwa. Alivichoma kama vyungu. Chini mbele ya ukuta akaweka ubao wa kusimamia, na ubao huo akaufunga kwa kamba zile. Ukiukanyaga tu, vigae vinaanza kucheza na kugeuka. Ukisogea uone vizuri, ndivyo vinavyozidi.

Madamu Estelle alipouona alishika kichwa. Alisema mjini wangeiita sanaa ya hadharani. Akatuonya pia tusidanganye watu: wengi wenye dyslexie hawaoni herufi zikicheza, herufi zao zimesimama kama zetu. Yaya akajibu, "Sitaki waone macho yake. Nataka waone taabu yake." Madamu akakubali, akachagua sentensi za kitabu cha kalasi ya pili, rahisi kabisa, ili aibu iwe kamili. Alisema kila siku ya soko sentensi ibadilishwe.

Halafu yaya alichora. Dirisha lote alilizungushia midomo, kwa pemba na udongo mwekundu, midomo iliyo wazi inayocheka, mikubwa na midogo, meno na ufizi. Ukisimama kwenye ubao unachekwa pande zote.

"Hii midomo ya nani?" nikamwuliza.

"Ya Wamaza," akasema, akaendelea kuchora.

Nilitazama ile midogo, nikajua mmojawapo ni wangu.

Kitu cha mwisho kilikuwa benchi. Aliliweka kando ya ukuta, juani.

Jumamosi ya kwanza watu walidhani ni mchezo. Naomie alisimama na kueleza sheria: panda ubaoni, mkeka unaofunika dirisha utaondolewa, soma kwa sauti, nitahesabu mpaka thelathini. Ukishindwa utaketi benchi la wa mwisho. Wa kwanza alikuwa kijana wa duka la simu, akapanda anacheka. Sentensi ilikuwa "Baba analima shamba la mpunga." Alifika "baba ana," vigae vikageuka, akasema "anapima," akasema "analipa," akaegemea mbele, kila kitu kikazunguka. Naomie akahesabu thelathini. Na watu, bila mtu kuwafundisha, wakalia, "Wa mwisho! Wa mwisho!" Kila mmoja alikijua kile kilio tangu utoto wake.

Loo, siku ile! Walianguka mmoja baada ya mmoja. Karani, mwalimu wa kalasi ya nne, muuza dawa. Yule mwalimu alishuka na jasho mgongoni akisema si haki, herufi hazitulii, mnanihesabia haraka, na watu wananipigia kelele, nitasomaje? Mama mmoja aitwaye Binti, anayeleta samaki kutoka Nyangwe, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, akamjibu, "Mwalimu, maneno haya mwanafunzi akikuambia unamupiga!" Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilicheka mpaka mbavu, na kicheko hicho hakikuwa kizuri, kilikuwa cha kulipiza.

Benchi lilipojaa, Naomie akasimama mbele yao. Akawaambia: "Nyinyi mumefanya hesabu ya thelathini. Mimi nafanya kutoka asubuhi mpaka saa sita, kila siku, miaka sita. Na mimi haniambii mutu kama ni muchezo." Kisha Madamu Estelle akaeleza neno lile, dyslexie, na watu wakalirudia midomoni mwao.

Wengine walikasirika, wakasema mwanamke huyu anatukana wasomi. Lakini Jumatano, siku nyingine ya soko, walikuwa wengi zaidi. Sentensi ilikuwa "Mvua ya jana imeharibu njia." Papa Salomon alikuja, akapanda, katekista mzima anayesoma injili bila miwani, akafika "mvua" akakwama. Waliposema wa mwisho alitaka kuondoka. Kisha akaketi, kofia magotini. Nilimsikia akisema, si kwa mtu, "Mudogo wangu alikuwa hivi. Tulimuita punda mpaka akakimbia nyumba." Nilimhurumia? Kidogo. Hasira yangu ilikuwa bado na kazi.

Siku ile, mwisho wa mchezo, vigae vilipotulia na sentensi ikasomwa, nilimwona pia mwandishi wa ofisi ya direkta amesimama nyuma ya watu, daftari mkononi, anaandika. Nilidhani anaandika majina yetu atushtaki.

Ikafika Jumamosi ya pili, siku ya orodha. Naomie hakula asubuhi ile. Pikipiki ya kupeleka karatasi ilikuwa imekwisha washwa mbele ya shule, na direkta akaja kwanza ukutani, shati jeupe, mkoba kwapani. Sokoni walikuwa wanamwuliza maswali juma zima, nadhani alitaka kuyamaliza.

"Nasikia hakuna anayeweza," akasema kwa sauti ya uwanjani. "Mutu aliyesoma anasoma popote."

Akapanda ubaoni. Vigae vikaanza kuzunguka. Hakuvitazama hata. Akainua kidevu, akatamka bila kupumua, "Mvua ya jana imeharibu njia!"

Hapo hapo Binti akapasuka. "Direkta! Hiyo ilikuwa ya Jumatano!"

Mungu wangu, soko lilianguka chini. Sentensi ya siku ile ilikuwa "Mama amepika muhogo na samaki." Alikuwa ametuma mwandishi wake kuinakili, akaikariri usiku kucha, wala hakujua kwamba tunabadilisha. Watu walilia "wa mwisho" mpaka mbuzi wakakimbia. Alitaka kushuka aende zake, akamkuta Papa Salomon amesimama njiani.

"Benchi, Direkta," akasema katekista. "Mimi nilikaa."

Akaketi. Hapo ndipo wale wanaosimulia kwa kicheko humalizia. Hawasemi kilichofuata, kwa sababu kilichofuata hakichekeshi.

Yaya alimsogelea. "Direkta, umeona. Sasa muandike mutoto wangu."

"Tutaona mwaka kesho."

"Umebeba liste kwa mukoba," akasema Papa Salomon. "Niko mukubwa wa kamati. Tuonyeshe."

Hakuwa na pa kukimbilia. Akaitoa. Papa Salomon akaisoma, akahesabu, akauliza kwa nini majina ni thelathini na mawili na kalasi ina watoto arobaini na sita. Direkta akasema wengine hawako tayari. Wengine nani? Akaanza kuwataja, kwa sauti ndogo, na kila jina likamwangukia mtu pale pale. "Rachelle." Binti akatua kikapu chake cha samaki. Rachelle ni mjukuu wake. "Rachelle wangu? Nani aliniambia? Nimemupikia chakula ya siku ya mutihani!" "Laetitia." Mwanamume mmoja akasema, "Hapana." Watoto kumi na wanne, na hakuna mzazi aliyejulishwa isipokuwa yaya. Wangejua siku ya mtihani, watoto wao wamesimama nje ya mlango na kalamu mpya.

Watu walimzunguka. Niliona ngumi zinakunjwa, na sikuwa mmoja wa kuwatuliza. Direkta naye aliziona, jasho likamtoka. "Nitawaandika! Wote! Leteni biki."

Akaandika kwenye goti lake, akitaja kila jina ili wote wasikie. Rachelle. Laetitia. Naomie. Serge. Abdoul. Mpaka wa kumi na nne. Watu wakapumua. Binti alipiga kigelegele. Direkta akakunja karatasi, akainuka haraka. "Imekwisha. Pikipiki inangoja."

"Naomie aisome kwanza," yaya akasema.

"Mama, muda hakuna! Na mutoto huyu..." Akajizuia.

Mimi nikanyoosha mkono, nikasema nipe niisome upesi. Yaya alinitazama. "Wewe Olga ulisoma zamani," akasema. "Leo anasoma Naomie." Nikarudisha mkono.

Naomie alishika karatasi, akaweka kidole chini ya jina la kwanza. Ra. Akasimama. Che. Jua lilikuwa kali. Jina la kwanza lilichukua muda ambao mtu angefunga mzigo wa kuni, na la pili vivyo hivyo. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, Binti akamgeukia, "Wewe, benchi ingali na nafasi." Direkta alitazama saa yake mara tatu. Naomie hakuinua uso. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena, kidole kinatembea.

"Unaona?" direkta akasema. "Hajui kusoma! Anapoteza wakati wa watu!"

Naomie akainua uso. "Majina yaliyoongezwa ni kumi na matatu," akasema. "Langu haliko."

Papa Salomon akaichukua, nami nikachungulia begani kwake. Laetitia, kisha Serge. Katikati yao hakuna kitu. Mdomo ulimtaja, biki haikumwandika. Alijua mama hasomi, na alikuwa na hakika mtoto hasomi, na sisi wengine tulikwisha shangilia. Mikono hii imepokea watoto mia nyingi wa Kasongo, na kamwe haijatamani kumpiga mtu kama ilivyotamani pale. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alibakiza kidogo tu afike.

Hakuna aliyelia "wa mwisho." Afadhali wangelia. Direkta aliangalia midomo ile ya ukutani, akaangalia watu, akasema amesahau, ni joto.

Yaya hakupiga kelele. Alimshika bega kwa mkono wenye udongo, akamrudisha kwenye benchi, na alama ya vidole vitano ikabaki kwenye shati jeupe. Akamwekea karatasi gotini na biki mkononi.

"Andika jina la mutoto wangu," akasema. "Jina yote, na ya baba yake. Ukiandika herufi moja, unangoja. Naomie ataisoma. Akisha kuisoma, unaandika ya pili."

"Mama Naomie, pikipiki..."

Papa Salomon akageuka, akapaza sauti kuelekea shuleni, akamwambia dereva azime injini. Injini ikazimwa. Naomie akapiga magoti kando ya benchi, uso wake karibu na karatasi.

Direkta akaandika herufi ya kwanza, akangoja.